Gharama Zilizofichwa za Matibabu ya Bure: Historia Fupi kutoka Pwani ya Kaole

Katika mijadala ya bima ya afya iliyoendelea nchini tangu muswada wake ulipofikishwa Bungeni mwaka 2022, husemwa mara nyingi kwamba Watanzania waliwahi kutibiwa bure, na kwamba siku hizo zimepita. Makala haya yanaichunguza kauli hiyo kwa njia ya historia. Ni kweli kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya mwaka 1993 mgonjwa aliingia katika zahanati ya Serikali bila kudaiwa senti. Lakini dawa ilinunuliwa na mtu, mganga alilishwa na mtu, na mgonjwa alibebwa na mtu. Tunauliza ni nani hao, na kama majina yao yaliandikwa katika kitabu cho chote cha hesabu.

Swali hili linawahusu wachungaji moja kwa moja. Washarika huja mlangoni kwa mchungaji wakiwa na karatasi ya hospitali mkononi, na hakuna mwaka ambao karatasi hizo zilikoma, hata katika miaka iliyoitwa ya bure. Tena Kanisa lenyewe ni miongoni mwa waliolipa bila kuandikwa na, kama tutakavyoona, ni miongoni mwa waliowalipisha wengine bila kuandika.

Wataalamu wa uchumi wa afya hutumia jina la "mlipaji mmoja" kwa mpango ambao mfuko mmoja wa umma hugharamia matibabu ya wananchi wote, hata kama hospitali zenyewe ni za mashirika mbalimbali. Tanzania ya Azimio la Arusha haikujiita kwa jina hilo, lakini kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Ili tuielewe, hatuna budi kuanza nyuma zaidi.

Kaole na Bagamoyo

Msomaji aliyefika Kaole, kilometa chache kusini ya Bagamoyo, ameyaona magofu ya misikiti na makaburi ya matumbawe, ambayo ya kale zaidi huhesabiwa kuwa ya karne ya 13. Bandari ilipojaa matope na mikoko, biashara na watu walihamia Bagamoyo. Hata hivyo Kaole haikuachwa kabisa. Hadi leo wapo wanaofika kwenye kaburi la mwanamke aitwaye Sharifa kuomba dua, wengine kwa ajili ya ugonjwa au utasa. Hatulitaji jambo hili ili kubishana na majirani zetu. Tunalitaja kwa sababu linatuonyesha jinsi tiba isiyokuwa na bei inavyogharimiwa: mhitaji hutoa safari yake, siku yake ya kazi na sadaka yake, na hakuna anayeyajumlisha hayo.

Tiba ya kigeni ilipofika pwani hii ilikuja kama sadaka. Mwaka 1860 padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion pamoja na masista, wakafungua hospitali. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kuja Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, na huko pia wagonjwa walihudumiwa. Miaka miwili ya kwanza haikwisha kabla kipindupindu cha 1869 na 1870 hakijaipitia pwani, na mwaka 1872 kimbunga kikabomoa karibu kila kitu. Nani aliigharamia kazi hiyo? Vitabu vya misioni vinawataja wafadhili wa Ulaya. Lakini misioni iliishi pia kwa mashamba yake, na mashamba yalilimwa na watoto wale wale waliokombolewa. Mgonjwa hakulipa, mtoto mwenye jembe alilipa sehemu yake.

Mfano wa pili ni wa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili aliyefariki mwaka 1897. Hospitali ya wilaya ya Bagamoyo ina chanzo chake katika hospitali iliyoitwa kwa jina lake. Alitoa pia jengo la shule katika mji huo, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya Waafrika na Waasia mjini Dar es Salaam, wakati Wazungu walikuwa na yao ufukweni, Ocean Road. Huduma za hospitali yake zilihamia baadaye mahali ambapo leo ni Muhimbili, na jina la Sewahaji lingalipo katika jengo mojawapo. Ukarimu wake haukuwa wa kujionyesha tu. Lakini mali yake ilitoka katika kuandaa misafara ya kwenda bara, yaani katika kukusanya wapagazi na vifaa. Hivyo nyuma ya kitanda cha bure cha Bagamoyo alikuwapo mpagazi aliyebeba mzigo wa pembe mpaka pwani, na nyuma yake wengi walioanguka njiani bila kitanda cho chote.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kujitenga na habari hizi. Chama cha misioni cha Berlin kilichofika Dar es Salaam mwaka 1887 kilikuja na uuguzi katika shabaha zake tangu mwanzo, na wagonjwa waliofikiriwa kwanza walikuwa Wajerumani wa koloni. Kazi ya kuwauguza wenyeji ilikua pole pole baadaye.

Sanduku lenye kufuli nne

Wazo kwamba jamii nzima iwe na mfuko mmoja kwa ajili ya wagonjwa na maskini si geni katika urithi wetu. Mwaka 1523 usharika wa Leisnig katika Saksonia uliweka sanduku la pamoja, na Martin Luther akaandika dibaji ya kanuni zake. Sanduku lilikuwa na kufuli nne zenye funguo tofauti: mmoja wa wakuu, mmoja wa baraza la mji, mmoja wa wenyeji wa mji na mmoja wa wakulima wa vijijini, kwa hiyo halikuweza kufunguliwa na kundi moja peke yake. Wasimamizi kumi walichaguliwa kutoka makundi hayo manne. Ni mpango wa kupendeza, lakini haukufanya kazi kama ulivyoandikwa, kwa sababu baraza la mji lilikataa kukabidhi mali za wakfu zilizokusudiwa kulijaza sanduku. Luther alilalamika kwa Mteule wa Saksonia. Funguo zilikuwapo, fedha ndizo zilizochelewa. Wanaosoma historia ya fedha za afya Afrika ya Mashariki watalitambua tatizo hili bila kuhitaji maelezo.

Katika karne ya 20 wazo hilo lilirudi kwa ukubwa wa taifa. Uingereza, kwa kufuata ripoti ya William Beveridge ya mwaka 1942, ilianza huduma yake ya afya ya taifa tarehe 5 Julai 1948, ikigharamiwa kwa kodi. Haikupita miaka mitatu kabla ya Serikali kuamua kutoza meno bandia na miwani. Waziri aliyeiasisi huduma hiyo, Aneurin Bevan, alijiuzulu Aprili 1951 kwa sababu hiyo, na mwaka 1952 ada ya kuandikiwa dawa ikafuata. Malipo hayo angalau yaliandikwa. Yasiyoandikwa yalikuwa mengine: miezi ya kungojea upasuaji, na wauguzi na madaktari waliotoka Ireland, visiwa vya Caribbean, Bara Hindi na baadaye Afrika, ambao elimu yao ililipiwa na nchi maskini kuliko Uingereza. Kwa maneno mengine, sehemu ya gharama ilivuka bahari.

Kanada ilianzia katika jimbo moja la wakulima, Saskatchewan, chini ya Tommy Douglas, ambaye kabla ya siasa alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Alipokuwa mtoto aliugua mfupa wa mguu, na wazazi wake hawakuwa na fedha. Mguu uliokolewa kwa sababu daktari bingwa wa Winnipeg alikubali kumpasua bure mbele ya wanafunzi wake. Douglas alisimulia habari hiyo maisha yake yote, akisema kwamba mguu wa mtoto haupaswi kutegemea bahati. Mpango wa jimbo ulianza tarehe 1 Julai 1962, na madaktari waligoma kwa siku 23 kabla ya kukubaliana. Taifa zima lilifuata kwa sheria ya mwaka 1966. Hata hivyo mfuko wa Kanada ulilipia daktari na hospitali, ukaacha nje meno na sehemu kubwa ya dawa za nyumbani. Palipo na mlipaji mmoja, pana pia orodha ya mambo ambayo mlipaji huyo hayalipii, na orodha hiyo ndiyo inayostahili kusomwa kwanza.

Miaka ya bure

Kiungo kati ya Uingereza na Tanganyika ni mtu mmoja, Profesa Richard Titmuss, mtetezi mashuhuri wa huduma ya afya ya Uingereza. Aliongoza ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika iliyotolewa mwaka 1964, ambayo ilisisitiza vituo vya afya vijijini kuliko hospitali kubwa za mijini. Wakati wa Uhuru nchi ilikuwa na madaktari wenyeji 12 tu, kama Mwalimu Nyerere alivyopenda kukumbusha.

Yaliyofanyika baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 yanastahili heshima, na mwandishi huyu hana nia ya kuyadharau. Vituo vya afya vijijini vilivyokuwa 22 wakati wa Uhuru vilifikia 239 mwaka 1980. Zahanati, ambazo zilikuwa chini ya elfu moja, zilizidi elfu mbili na nusu. Waganga wasaidizi, wakunga na wauguzi walifundishwa kwa wingi, na kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 iliingia hadi vijijini kwa redio na vikundi vya kujisomea. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku matibabu binafsi ya kutafuta faida, ikayaacha mashirika ya dini. Mlipaji alikuwa Serikali. Na fedha zilipopungua, wafadhili wa nje walijaza pengo.

Fedha zilipungua kweli. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vililiwa hazina, na mishahara ilipoteza thamani mwaka hata mwaka. Zahanati hazikufungwa na hakuna tangazo lililotolewa kwamba matibabu si bure tena. Badala yake gharama zilihama kimya kimya kutoka kitabu cha Serikali kwenda mahali pasipokuwa na kitabu. Neno "dawa hakuna" ndilo lililokuwa bei. Mgonjwa aliandikiwa dawa akaitafute dukani. Mama aliyekwenda kujifungua alijua kwamba atachukua pamba, wembe, glovu na mafuta ya taa. Ndugu walipika, wakafua na kulala sakafuni chini ya kitanda, na siku zao za shamba zilipotea katika msimu wa palizi. Mganga ambaye mshahara wake haukumtosha wiki mbili alianzisha mradi wake wa kuku au wa duka, akaondoka kazini saa sita. Au alipokea "chai". Tusimhukumu upesi. Yeye pia alikuwa akiilipia huduma ya taifa kwa njaa ya watoto wake, na alichokichukua kwa mgonjwa kilikuwa ni kuhamisha tena mzigo ule ule.

Kwa mtu wa Kaole gharama kubwa kuliko zote yawezekana ilikuwa njia. Zahanati ilipokosa dawa alikwenda Bagamoyo, na Bagamoyo iliposhindwa alipelekwa Muhimbili, karibu kilometa sabini kwa barabara ambayo kabla ya lami ilikuwa mateso wakati wa mvua. Matibabu ya Muhimbili yalikuwa bure. Nauli, chakula cha mwuguzaji na malazi ya mjini havikuwa bure, na mara nyingi vilimaliza mbuzi, kisha mnazi, kisha mashua.

Kuanzia miaka ya 1983 na 1984 mpango wa dawa muhimu, uliogharamiwa na Denmark kupitia UNICEF, ulianza kupeleka kila mwezi masanduku ya dawa yaliyofungwa hadi zahanati za vijijini. Yalisaidia sana. Lakini sanduku lilipokwisha kabla ya mwezi kwisha, siku zilizobaki zilikuwa za mgonjwa mwenyewe. (Pwani hii ilipata baadaye mlipaji mwingine asiyetarajiwa: majaribio ya chanjo ya malaria aina ya RTS,S yaliyofanywa Bagamoyo na Korogwe kati ya 2009 na 2014. Watoto walioshiriki walihudumiwa kwa uangalifu ambao majirani zao hawakuupata, na aliyegharimia alikuwa utafiti.)

Hospitali za Kanisa

Sasa tuje kwetu. Kwa makadirio yaliyozoeleka, karibu asilimia 40 ya hospitali za Tanzania ni za makanisa. Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 kwa kazi ya wamisioni wa Norwe, KCMC mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na kabla ya hizo na baada yake nyingi nyingine, kuanzia Bumbuli hadi Ilembula na Lugala. Katika miaka ya bure hospitali hizi zilikuwa katika hali ya ajabu. Nyingi ziliendelea kutoza ada ndogo, na watu waliipita zahanati ya Serikali isiyokuwa na dawa wakaenda kulipa misioni. Wengine walisema Kanisa linauza kile ambacho taifa linagawa. Lilikuwa shtaka zito, na jibu lililotolewa mara nyingi, kwamba ada haikutosha hata nusu ya gharama, lilikuwa la kweli lakini halikutosha.

Halikutosha kwa sababu halikusema nani alilipa nusu ya pili. Walilipa akina mama wa sharika za Ujerumani, Sweden, Norwe na Marekani waliofuma na kuuza. Alilipa daktari mmisionari ambaye mshahara wake haukuonekana katika hesabu za hospitali. Kwa hiyo bei iliyobandikwa ukutani haikuwa bei ya kweli, na wamisioni walipoanza kurudi kwao tofauti hiyo ilijitokeza ghafla. Hospitali ambayo ilidhaniwa kujitegemea ilijikuta haiwezi kulipa mishahara. Ndipo watumishi wenyeji wakawa walipaji: mshahara ulichelewa miezi miwili, mitatu, na muuguzi akaambiwa kwamba kazi yake ni wito. Neno "wito" ni takatifu. Lakini linapotumiwa kuziba pengo la bajeti, ni njia mojawapo ya kumlipisha mtu bila kumwandikia stakabadhi.

Serikali ilitambua mchango wa makanisa kwa ruzuku ya vitanda na, tangu miaka ya 1970, kwa mpango wa Hospitali Teule ya Wilaya. Mahali ambapo Serikali haikuwa na hospitali ya wilaya, iliiteua ya Kanisa na kuahidi kubeba mishahara na uendeshaji, nayo hospitali ikawahudumia watu kama ya Serikali. Huo ulikuwa ni mlipaji mmoja kwa maana kamili: mlipaji wa umma, mtoaji huduma asiye wa umma. Mahali ruzuku ilipofika kwa wakati mpango ulifaa sana. Ilipochelewa, aliyeikopesha Serikali bila riba na bila kuulizwa alikuwa hospitali, yaani watumishi wake na wagonjwa wake. Mkataba wa maelewano kati ya Serikali na makanisa wa mwaka 1992, pamoja na kuundwa kwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii mwaka huo huo, ulikuwa jaribio la kuliandika deni hilo.

Bei inaporudi mlangoni

Mwaka 1993 Tanzania ilianza uchangiaji wa gharama, kwanza katika hospitali za juu. Waliotetea hatua hiyo walisema kwamba watu tayari wanalipa kwa siri, basi afadhali walipe hadharani. Hoja hii ina nguvu. Lakini iliyotangulia Kenya ilionyesha upande wa pili. Ada ilipoanzishwa huko Desemba 1989, katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa mjini Nairobi mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya yale ya awali na ya wanawake hadi asilimia 65, katika miaka ambayo UKIMWI ulikuwa ukienea. Waliobaki nyumbani hawakuonekana katika hesabu ya mapato. Uganda ilifanya kinyume mwaka 2001, ikafuta ada katika vituo vya Serikali. Maskini walirudi kwa wingi. Lakini dawa zilipokwisha rafuni walikwenda kununua madukani, na idadi ya kaya maskini zilizofilisika kwa ajili ya ugonjwa haikupungua kama ilivyotarajiwa. Ada ya kificho na ada ya wazi zinakutana katika nyumba ile ile.

Kwa maskini Tanzania iliweka msamaha. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka mitano na wagonjwa wa kifua kikuu na ukoma hawakupaswa kulipa. Asiye na uwezo angeleta barua ya viongozi wa kijiji. Lakini barua ilimtaka mtu atangaze umaskini wake ofisini, tena akiwa mgonjwa, na hospitali iliyosamehe haikurudishiwa fedha na mtu ye yote. Msamaha usiokuwa na mlipaji huisha pale sanduku linapokuwa tupu.

Bima ilikuja kama njia ya kati: Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilipitishwa mwaka 1999 kwa watumishi wa umma, asilimia tatu kwa mtumishi na tatu kwa mwajiri. Bunge lilipitisha sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, baada ya muswada wa mwaka uliotangulia kupingwa, hasa kwa sababu ya kiwango cha shilingi 340,000 kwa kaya ya watu sita kilichotajwa wakati huo. Sheria hiyo haikuweka mlipaji mmoja, kwa kuwa inaruhusu skimu za umma na za binafsi, lakini inalenga kumwingiza kila mkazi. Matatizo yaliyotangulia hayakungoja: mwaka 2023 kadi ya watoto iliyouzwa kwa shilingi 50,400 iliondolewa katika utaratibu wake wa hiari, kwa maelezo kwamba walioandikishwa walikuwa zaidi watoto ambao tayari ni wagonjwa, na tarehe 1 Machi 2024 hospitali binafsi kadhaa zilisitisha kuwapokea wanachama wa Mfuko wa Taifa kwa kutokubali bei mpya za huduma. Wanachama hao walikuwa wamekwisha kukatwa mshahara.

Katika mfano wa Msamaria Mwema, ambao shirika la KCMC lilichukua jina lake, kuna jambo dogo ambalo wahubiri hulipita. Msamaria hakumwambia mwenye nyumba ya wageni atibu kwa upendo. Alimpa dinari mbili, na kwa gharama zitakazozidi akajitaja yeye mwenyewe kuwa mdaiwa. Mwenye nyumba ya wageni alijua nani atalipa na lini. Katika hospitali zetu nyingi, ukurasa wa madeni ya wagonjwa maskini hauna jina upande wa pili. Ukaguzi wa mwaka unapofika, huandikwa kuwa madeni yasiyolipika na kufutwa, kana kwamba hayakulipwa na mtu.